Je, Hiyo ni Sigara? Uhakiki wa Istilahi za Sigara ya Kielektroniki

Kila kitu kigeni kinapoingia katika nchi huingia pamoja na jina lake. Mara nyingi jina hilo hupokelewa bila ya kukaguliwa, huachwa litumike mpaka lizoeleke, na likishazoeleka si rahisi tena kuling'oa. Kwa vitu vingi jambo hili halina madhara makubwa. Tukiiita redio kwa jina walilokuja nalo wageni, hakuna atakayeumia. Lakini viko vitu ambavyo jina lake ni sehemu ya maelezo ya matumizi yake, na mtu hukitumia au hukiepuka kitu hicho kwa kadiri alivyolielewa jina lake. Dawa ni mfano mmoja, na sumu ni mfano wa pili. Kifaa tunachokusudia kukizungumzia hapa kimesimama mahali fulani kati ya viwili hivyo, na ndiyo sababu tumeona yafaa majina yake yahakikiwe mapema.

Kifaa hicho ni kile ambacho magazeti na redio zetu hukiita "sigara ya kielektroniki", na wengine "sigara ya umeme" au "sigara ya mvuke". Vijana wa mijini husema "vepu", kwa kulitohoa neno la Kiingereza ambalo kamusi ya Oxford ililichagua kuwa neno la mwaka 2014. Wako pia wanaokiita "shisha". Hatuna nia ya kuwalaumu wanaotumia majina haya, kwa kuwa hawakupewa mengine. Nia yetu ni kupima kila jina linamwambia nini msikilizaji wa Kiswahili, na kama hayo linayomwambia ni kweli.

1. Kitu chenyewe

Istilahi haiwezi kuhakikiwa kabla ya dhana yake kueleweka. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja wa jimbo la Pennsylvania, Herbert Gilbert, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965, lakini kifaa chake hakikuenea. Kifaa cha siku hizi asili yake ni kazi ya mfamasia wa China, Hon Lik, aliyekibuni mwaka 2003. Nacho kilianza kuuzwa nchini humo mwaka 2004.

Ndani yake mna betri, waya wa kupasha moto, na chombo kidogo chenye kimiminika. Kimiminika hicho kwa kawaida kina propilini glikoli, gliserini, viungo vya ladha, na mara nyingi nikotini. Mtumiaji anapovuta, waya hupata moto, kimiminika hugeuka mvuke, na mvuke huo unapokutana na hewa baridi huganda mara moja kuwa matone madogo mno yanayoelea. Matone hayo ndiyo yanayoingia mapafuni. Hakuna jani la tumbaku linalowashwa, hakuna majivu, na hakuna moshi kwa maana halisi ya neno moshi.

Tofauti hii si ndogo. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kiasi cha 70 kati ya hizo hujulikana kuwa huleta saratani. Nyingi katika hizo huzaliwa na kule kuungua kwenyewe, pamoja na lami inayobaki mapafuni na monoksidi ya kaboni inayoingia katika damu. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu asiache, lakini siyo inayofanya sehemu kubwa ya mauaji ya sigara. Anayetaka kuhakiki istilahi hizi hana budi kuyashika mambo haya mawili pamoja: kwamba kilichoondolewa ni kuungua, na kwamba kilichobakia ni kifungo.

2. Neno "sigara"

Tuanze na neno lililo kichwa cha istilahi. Katika Kiswahili sigara ni tumbaku iliyosokotwa katika karatasi, ikawashwa, ikavutwa, ikaisha. Ndiyo maana tunahesabu sigara moja, mbili, pakiti nzima. Kifaa hiki hakina hata sifa moja kati ya hizo. Hakisokotwi, hakiwashwi kwa kiberiti, wala hakiishi kwa kuvutwa. Kinachoisha ni kimiminika kilichomo.

Watetezi wa neno hili watasema kwamba lina faida ya tahadhari. Mzazi akisikia "sigara" hushtuka, na mwalimu akiona "sigara" katika mfuko wa mwanafunzi hujua la kufanya. Hoja hii ina uzito nasi hatuidharau. Lakini tahadhari hiyo ina upande wa pili. Mvutaji wa miaka ishirini, ambaye amejaribu kuacha mara tano akashindwa, akiambiwa kwamba hii nayo ni sigara tu, ataona hakuna sababu ya kuhama. Atabaki na ile inayoungua, ambayo ndiyo inayoua zaidi. Jina moja basi limemlinda mtoto na limemdanganya mtu mzima. Istilahi nzuri haipaswi kumlinda mmoja kwa kumpotosha mwingine.

Neno "shisha" lina kasoro kubwa zaidi. Shisha asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya kioo, na kwetu ni chombo ambacho makaa huchoma tumbaku yenye utamu na moshi wake ukapitishwa katika maji. Huo ni moshi wa tumbaku na wa makaa. Isitoshe, shisha ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2016. Kifaa kingine kikiitwa kwa jina hilo, raia na askari wote wawili watabaki wakibishana kuhusu kilichokatazwa.

3. Moshi, mvuke na ukungu

Neno la pili ni "mvuke", na hapa ndipo tunapoona hatari kubwa zaidi. Kwa Mswahili mvuke ni kitu cha sufuria na chungu. Ni cha maji safi yaliyochemka. Tena ni cha tiba: mtu mwenye mafua hujifunika blanketi akajifukiza kwa majani, na katika mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, kujifukiza kulienea katika nyumba nyingi za Tanzania. Kumwambia msikilizaji wa namna hiyo kwamba kifaa hiki "hutoa mvuke tu" ni kumwita kwa lugha ya dawa. Muuzaji hahitaji kusema uongo wowote. Neno lenyewe limekwisha kumfanyia kazi.

Kisayansi pia neno hili halikai sawasawa. Tumekwisha kueleza kwamba kinachofika mdomoni ni matone yanayoelea hewani. Wataalamu huita kitu cha namna hiyo erosoli. Kiswahili kina neno lake la siku zote kwa matone yanayoelea, nalo ni ukungu. Ukungu si moshi, kwa hiyo haumdanganyi mvutaji kwamba hakuna tofauti. Ukungu si mvuke wa tiba, kwa hiyo haumbembelezi mtoto. Nasi sote twajua kwamba ukungu huficha njia. Sifa hiyo haitatudhuru.

Kuhusu kitenzi tuna bahati ambayo wenzetu hawakuipata. Kiingereza kilibidika kuunda kitenzi kipya, kwa kuwa kitenzi chake cha zamani cha kuvuta tumbaku ni neno lile lile la moshi. Kiswahili hakina taabu hiyo. Sisi husema "kuvuta", na kuvuta hakutaji moshi wala moto. Twavuta pumzi, twavuta hewa, twavuta kiko. Kitenzi kipya cha "kuvepu" basi hakihitajiki katika lugha sanifu. Kinachohitajika ni kutaja kinachovutwa. Na hapa yafaa waandishi wa vibao waangalie: kibao kisemacho "Usivute sigara" kinaweza kubishiwa na mwenye kifaa hiki, lakini kibao kisemacho "Hairuhusiwi kuvuta" hakina mwanya.

4. "Mbadala" wa nani?

Neno la tatu ni "mbadala". Kifaa hiki husifiwa kuwa mbadala wa sigara. Neno hili ni zuri na limejengeka vizuri, lakini lina sharti ndani yake: hakuna mbadala bila ya kitu kinachobadilishwa. Kwa aliyekuwa akivuta sigara ishirini kwa siku na sasa anavuta kifaa hiki peke yake, neno mbadala ni sahihi. Kwa anayevuta vyote viwili, kifaa nyumbani na sigara kazini, si mbadala bali ni nyongeza. Kwa msichana wa miaka kumi na mitano ambaye hajapata kuvuta chochote, si mbadala wala nyongeza; ni mwanzo. Tangazo linalotumia neno moja kwa watu hawa watatu limewaambia ukweli mmoja tu kati yao.

Neno "kuacha" nalo lataka uangalifu huo huo. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, wavutaji 886 waliotaka kuacha waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya waliopewa kifaa hiki walikuwa wameacha sigara, na asilimia 9.9 ya waliopewa dawa za kawaida za nikotini, kama vile vibandiko na ubani. Ushahidi huu si wa kupuuzwa, na anayeuficha anawanyima wavutaji haki yao. Lakini katika jaribio hilo hilo, miongoni mwa waliofaulu kuacha sigara, asilimia 80 ya kundi la kwanza walikuwa bado wanatumia kifaa chao, na asilimia 9 tu ya kundi la pili walikuwa bado wanatumia dawa zao. Je, watu hao "wameacha"? Wameacha sigara. Hawajaacha nikotini. Mwandishi anayesema "wameacha kuvuta" amekosea, maana bado wanavuta. Ni wajibu wa mwandishi kutaja daima kilichoachwa.

5. "Salama zaidi"

Kasoro ya nne ni ya tafsiri, nayo huonekana kila siku. Kiingereza kina njia ya kulinganisha ambayo haidai kwamba kitu chochote kati ya viwili ni chema. Husema tu kwamba kimoja kimepungukiwa na ubaya. Mfasiri akiharakisha huandika "salama zaidi kuliko sigara". Msomaji wa Kiswahili huelewa nini? Huelewa kwamba sigara ni salama, na hiki kimezidi kwa usalama. Akiachiwa "salama zaidi" bila ya "kuliko", ataelewa kwamba ni salama sana. Kulinganisha kumegeuka kuwa sifa.

Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilieleza kwamba madhara ya kifaa hiki yanakadiriwa kuwa yamepungua kwa kiasi cha asilimia 95 yakilinganishwa na yale ya kuvuta sigara. Wako wataalamu walioukosoa msingi wa makadirio hayo, na mjadala wao ni wa haki. Sisi tunaangalia lugha tu. Makadirio hayo yakisemwa "ni salama kwa asilimia 95" yamekwisha kuwa kitu kingine kabisa. Sentensi ya kwanza humlinganisha mvutaji na yeye mwenyewe wa jana. Ya pili humwambia asiyevuta kwamba kati ya mia hana hofu kwa tisini na tano. Hakuna utafiti uliosema hivyo.

Tusidhani kwamba huku ni kushindana juu ya vijineno. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007, umegusa maneno yenyewe. Kifungu chake cha 11 kinataka paketi zisiuzwe kwa maneno ya kupotosha, na kinatoa mifano ya maneno yenye maana ya sigara "nyepesi", "laini" au "yenye lami kidogo". Kwa miaka mingi watu waliokuwa wakitaka kuacha walihamia sigara "nyepesi" badala ya kuacha, nazo ziliwaua vile vile. Mataifa yalihitaji mkataba ili kuondoa maneno machache. Sisi tunayo nafasi ya kuyazuia kabla hayajaota mizizi.

6. Sheria na asili ya kitu

Mkataba huo huo unafasili bidhaa za tumbaku kuwa zile zilizotengenezwa, zote au kwa sehemu, kutokana na jani la tumbaku, kwa ajili ya kuvutwa, kufyonzwa, kutafunwa au kunuswa. Fasili hii hutazama asili ya kitu. Lakini nikotini siku hizi inaweza kutengenezwa kiwandani bila ya jani lolote. Marekani iliuona mwanya huo, na mwaka 2022 ikarekebisha sheria yake ili nikotini ya namna hiyo nayo iingie. Uganda ilikwenda njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2015 ilivitaja vifaa hivi na kuvikataza kabisa. Nchi yoyote itakayochagua kukataza, au kuruhusu kwa masharti, itahitaji jina linalotaja kifaa chenyewe na si jani kilikotoka.

Shirika la Afya Duniani linalo jina lake refu. Anayelifasiri neno kwa neno hupata "mfumo wa kielektroniki wa kusambaza nikotini". Hilo halifai. Anayesambaza ni mwenye lori au mwenye duka. Kifaa hiki hakisambazi bali hufikisha nikotini mwilini mwa mtu mmoja. Na "mfumo" kwa msomaji wa kawaida ni jambo kubwa kama serikali au reli, wala si kitu cha kutia mfukoni.

Jina lisilobagua lina hatari nyingine. Mwaka 2019 Marekani ilipatwa na ugonjwa mkali wa mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi. Kufikia Februari 18, 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na kati yao 68 walikufa. Uchunguzi ulihusisha sehemu kubwa ya maradhi hayo na asetati ya vitamini E iliyokuwa imetiwa katika vimiminika vya bangi. Habari zilizotaja tu "sigara za kielektroniki" ziliwaacha wasikilizaji wasijue ni kimiminika gani kilichoua.

7. Mapendekezo

Kanuni yetu ya siku nyingi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu, na ndipo kutazama nje. Tukiifuata kanuni hiyo tutaona kwamba jina limo nyumbani. Kamusi za zamani zatuonyesha kwamba kiko cha Waswahili hakikuwa tu kile cha mti cha wazee wa Kizungu. Kilikuwa na bori la kutilia tumbaku, digali la kupitishia moshi, chombo cha maji, mara nyingi kifuu cha nazi, ambacho ndicho hasa kilichoitwa kiko, na shilamu ya kutilia mdomoni. Hata mlio wa maji yake ulikuwa na jina: malio ya kiko. Hiki ni chombo kinachojazwa tena na kubaki, chenye kimiminika ndani. Kinafanana na kifaa chetu kuliko sigara inavyofanana nacho.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) Kifaa kiitwe "kiko cha umeme". Chenye nikotini kielezwe hivyo, na kisicho na nikotini kadhalika. Chenye kimiminika cha bangi kitajwe kwa jina la bangi. Kile cha kutumiwa mara moja, ambacho Uingereza ilipiga marufuku kuuzwa kwake kuanzia Juni 1, 2025, kiwe "kiko cha umeme cha kutupa".

(b) Sehemu zake zipewe majina ya kiko: "shilamu" kwa sehemu ya mdomoni, na "bori" kwa sehemu yenye waya wa moto.

(c) Kinachovutwa kiitwe "ukungu", na kitenzi kibaki "kuvuta".

(d) Kifaa kingine, ambacho hupasha tumbaku halisi moto bila ya kuiunguza, kisichanganywe na hiki. Kiswahili hutenga kuunguza na kupasha. Basi hiyo iitwe "tumbaku ya kupasha".

(e) "Salama zaidi" iachwe, na badala yake isemwe "yenye madhara machache kuliko sigara kwa anayevuta sigara". Ni maneno mengi, lakini hakuna hata moja lililo bure.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Watu watasema kwamba "sigara ya kielektroniki" imekwisha kuenea, na kwamba kijana hatakubali kuita kifaa chake kwa jina la chombo cha babu yake. La kwanza ni kweli, na hatutegemei magazeti yabadilike kwa siku moja. Lakini lugha ya sheria, ya maonyo na ya hospitali yaweza kutangulia. La pili huenda likawa faida. Ikiwa jina kiko litakiondolea kifaa hiki sehemu ya fahari yake machoni mwa mtoto wa shule, huku likimwonyesha mvutaji mkongwe kwamba si sigara, litakuwa limefanya kazi mbili ambazo majina yaliyopo yameshindwa hata moja.

Waganga, wanasheria, walimu na watangazaji ndio watakaoyatumia maneno haya, au wakayakataa. Tunawaomba watuletee maoni yao, hasa wale wanaokaa na wagonjwa na kusikia kwa masikio yao jinsi neno linavyopokelewa. Mvutaji anayeuliza "Hii nayo itaniua?" anastahili jibu katika lugha yake, lisilomtisha kupita kiasi wala kumbembeleza.